Hindi au Haragwe

Saba waliotolewa wameketi kwenye benchi,
wamejipaka mafuta, wamevaa viatu.
Wiki sita tulikuwa pekupeku pamoja
katika ghala hili la kahawa lisilo na kahawa,
na sasa wananitazama kama wakwe.

Cirhuza ametangulia kusema.
Anasema alicheza kwa moyo safi,
kwamba hakuna jina alilolitamka yeye kwanza.
Kweli. La kwanza nililitamka mimi;
yeye akakohoa, akatazama dari,
na kulipokucha punje yake ilikuwa mkebeni.

Zamu yangu.
Naitwa Nsimire M'Mugaruka, wa Kadutu,
nyumba ile ya mteremkoni ambako mvua ikinyesha
tunahesabu watoto kabla ya sahani.

Ntakwinja, umeuliza huku vidole vikigonga goti:
"Uliniapia kwa kaburi la baba yako.
Liko wapi?"
Baba yangu yuko Nyawera, anauza vocha za simu.
Alinisikia redioni nikimzika,
akamwambia mama: huyo mtoto
angalau aninunulie sanda ya maana.
Nilikudanganya. Kwa uongo siombi radhi.
Naomba radhi kwa kulia nilipokuwa nikidanganya.
Yale machozi yalikuwa ya ziada.

Byadunia, wewe nilikutoa kwa kuwa unapendwa.
Sina sababu nyingine, usiitafute.
Mtu anayeimba akisugua sufuria ya bugali
akifika siku ya arobaini hashindwi na yeyote.
Usiku ule nilipita kitanda kwa kitanda
kama mama wa likelemba,
kila mmoja akatoa alichokuwa nacho:
huyu kijichuki, huyu deni la sabuni,
huyu usingizi tu, niondoke alale.

Na wewe Bagalwa, uliyesema mwanamke hajui hesabu:
zilikuwa nne kwa tatu.

Hayo niliyafanyia mazoezi chooni.
Yameishia hapo.

Ndipo Mama Zihalirwa, wa kwanza kutolewa,
siku ya tatu, hata hatujajua nani anakoroma,
ananyoosha mkono kama mwanafunzi.
Haulizi ujanja. Haulizi mpango.
"Zile sambaza nilizokuwekea chini ya mto
usiku ule wa kura,
ulizila?"

Mtangazaji ananionyesha saa yake.
Mji mzima, kutoka Panzi hadi Muhumba,
unasikiliza nikimeza mate.

Nilizila, mama.
Peke yangu, gizani, na vichwa vyake,
ili asubuhi pasibaki mwiba wa kunisema.
Punje yangu ilikwisha kuingia mkebeni mwako.
Nilizila nikijua.
Na kama unataka kufahamu mchezo niliujifunzia wapi,
si kwa Ntakwinja, si kwa yale machozi:
ni pale chini ya shuka, nilipoona
naweza kula cha mtu ninayemfukuza
na kikashuka.

Cirhuza anatabasamu kidogo, kwa adabu.
Yeye hakupewa sambaza na mtu.

Basi wanapita mmoja mmoja kwenye debe.
Hindi ni langu, haragwe ni la Cirhuza.
Wiki sita nimejifunza sauti zao:
haragwe huanguka kama mtu anayeketi,
hindi kama mtu anayekurupuka.
Nimekaza sikio. Ntakwinja, nadhani, haragwe.
Byadunia...
na hapo mvua inashuka juu ya mabati
bila kupiga hodi, kama kawaida yake hapa Bukavu,
na sisikii tena kitu.

Naona midomo ya mtangazaji tu.
Naona Mama Zihalirwa, wa saba, wa mwisho,
amesimama juu ya debe, ngumi imefumba,
hana haraka.

Huko Kadutu
mama ameanza kuhesabu.